Wakuu, hii tiba ya mawimbi ya mshtuko kwa nguvu za kiume ina ukweli au tunapigwa?

#1 Stendi Kuu (Jumatatu, saa 3:10 usiku)
Wakuu kwema? Niende kwenye mada.

Nina rafiki yangu, miaka 46, anakaa Tabata, mke mmoja, watoto watatu. Huu mwaka wa pili jogoo wake anawika kwa kubahatisha. Kuna siku anaanza safari vizuri, akifika Kibaha mafuta yanakata. Juzi kaona tangazo la kliniki moja hapa Dar wanaotibu kwa mawimbi ya mshtuko. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna kisu. Unalala kitandani kama dakika ishirini unagongwagongwa na kimashine, awamu sita, basi. Awamu moja laki na nusu, ukilipa zote kwa mpigo wanakufanyia laki saba na nusu.

Nimemwambia asitoe hela kwanza. Kuna aliyewahi kufanya? Au ni wale wale wa kutuuzia maji ya chooni wakisema marashi?

#2 Pweza wa Feri
"Rafiki yangu" 😂😂
Msalimie sana huyo rafiki. Mwambie supu ipo pale pale, kikombe hakijapanda bei.

#3 Boda Kipanga
Mshtuko huko chini? Mimi pasi ilinipiga shoti ya mkono tu nikakaa siku mbili sishiki klachi. Huyo rafiki yako anataka kufa na kofia mkononi.

#4 Raskazoni
Mnazunguka bure. Mtu anaanza vizuri halafu katikati anazimika, hiyo si damu wala nini, kafungwa. Huku Tanga tunayajua. Aulize nyumbani kwao kuna mwanamke gani aliachwa vibaya.

#5 Tabibu wa Zamu
#3 punguza kasi kaka. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Ni wimbi la mgandamizo, ndugu yake sauti, linalopanda ghafla sana na kushuka. Jina la "mshtuko" ndilo linalowaogopesha watu.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka 1980 pale Munich, Ujerumani, walianza kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi haya bila kupasua mtu. Kwa nguvu za kiume walikuja kuipunguza makali sana, ndiyo maana wanaiita ya nguvu ndogo. Haivunji kitu. Wazo ni kwamba ukiigonga tishu kidogo kidogo, mwili unadhani kuna jeraha, unaleta kemikali za kuotesha mishipa midogo ya damu. Damu ikipita vizuri, jogoo anawika.

#6 Fundi Rejeta
Hapo #5 nimekuelewa. Ni kama rejeta iliyoziba. Ila swali la kifundi: ukigonga bomba lenye kutu, kutu inatoka au bomba linatoboka?

#7 Tabibu wa Zamu
Mfano mzuri ila haukai sawa. Haizibui bomba la zamani, inategemewa ichepushe vijibomba vipya pembeni. Wajapani mwaka 2004 walifanya hivyo kwenye mioyo ya nguruwe iliyokosa damu, mishipa mipya ikaota. Baadaye ndipo Profesa Yoram Vardi na wenzake kule Haifa, Israel, wakauliza: kama inafanya kazi kwenye moyo, kwa nini isifanye na huku? Mwaka 2010 wakatoa majibu ya wanaume 20.

#8 Ghubra77
Nguruwe tena? Mie nipo Muscat nasoma na chai yangu, nimeiweka chini.

#9 Mzee Kikokotoo
Wanaume 20 ni abiria wa Noah mbili. Mnatangazia taifa kwa abiria wa Noah mbili?

#10 Tabibu wa Zamu
Ndiyo maana hawakuishia hapo mzee wangu. 2012 wakarudi na watu 67. Wengine wakapewa mawimbi ya kweli, wengine wakawekewa kichwa cha mashine kinachotoa mlio ule ule ila wimbi halipiti. Hakuna aliyeambiwa yuko kundi lipi.

#11 Mzee Kikokotoo
Na majibu? Usiruke hapo. Mimi nimeyasoma tangu mwaka ule nilipostaafu nikawa sina kazi.

Wanapima kwa maswali, jumla alama 30. Waliopigwa mawimbi ya kweli walipanda wastani wa alama 6.7. Waliopigwa mlio mtupu walipanda alama 3.0. Haya, nani ananieleza hizo tatu zimetoka wapi? Hao hawakugongwa na kitu! Wamelala kitandani, wamesikia tatatata, wakaenda nyumbani na matumaini.

#12 Mama Zawadi
Zimetoka kichwani, mzee. Sisi wanawake tunajua hilo bila mashine. Mume wangu alipopunguzwa kazi 2020 mambo yalisimama miezi minne (hayakusimama, mnanielewa). Alipopata kibarua Mkuranga, wiki ya pili tu nyumba ikachangamka. Hakuna aliyemgonga na chochote.

#13 Pweza wa Feri
"Yalisimama, hayakusimama." Mama Zawadi umeua.

#14 Raskazoni
Kwa hiyo #11 unakubali kuna nguvu isiyoonekana. Ndiyo hiyo niliyosema mimi.

#15 Mzee Kikokotoo
Sijakubali chochote. Nimesema alama tatu.

#16 Kidole cha Nyundo
Naingia hapa kwa sababu ni kazi yangu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, hizi mashine nazitumia karibu kila siku kwa maumivu ya kisigino, bega na kiwiko. Ngoja niwaambie kitu ambacho tangazo halitakuambia.

Kuna mashine za aina mbili na zote zinaitwa jina moja. Ya kwanza ina kompresa ya hewa. Hewa inasukuma kijirisasi ndani ya mkono wa mashine, kinagonga kichwa, kichwa kinagonga ngozi. Nguvu yake kubwa inaishia juu juu, kadiri unavyozama inapotea. Wanafizikia watakuambia hilo hata si wimbi la mshtuko, ni wimbi la kawaida la mgandamizo linaloenea kama ukirusha jiwe kwenye dimbwi. Hii ni rahisi, inabebeka, na ndiyo iliyojaa kwenye vituo vya mazoezi.

Ya pili inakusanya wimbi likutane sehemu moja ndani ya mwili, kama lenzi inavyokusanya jua kwenye karatasi. Hii ndiyo ya kule Haifa. Ghali, na si nyingi.

Sasa kliniki inanunua ya kwanza halafu inabandika ukutani majibu ya ya pili. Hapo ndipo mtu anapopigwa, kwa maana zote mbili.

#17 Boda Kipanga
Na hiyo ya pili inatengeneza wimbi kwa nini?

#18 Kidole cha Nyundo
Inategemea. Nyingine sumaku, nyingine vijiwe maalumu vinavyotanuka vikipewa umeme, nyingine cheche ya umeme inayolipuka ndani ya maji.

#19 Boda Kipanga
CHECHE YA UMEME. #5 njoo ujibu. Nilisema shoti mkanicheka.

#20 Tabibu wa Zamu
Cheche iko ndani ya kichwa cha mashine, imezungukwa na maji na mpira. Inayokufikia ni wimbi tu, si umeme. Lakini sawa, nakupa nusu goli.

#21 Ingwe Damu
Nawasalimu kutoka Kakamega. Mimi nilifanya, kwa hivyo siongei ya kuambiwa. Mwaka jana, kliniki fulani Nairobi, siitaji. Nina miaka 51, sukari sina, sigara niliacha. Vidonge vilikuwa vinanisaidia lakini nilichoka kupanga mapenzi kama mtu anayengoja matatu.

Inahisi aje? Kama mtu anakupiga kwa kidole haraka haraka. Haiumi, inachekesha tu. Wanapaka ile jeli ya altrasaundi, wanasonga sehemu tofauti tofauti, hata chini kwenye mizizi. Wiki mbili baada ya kumaliza sikuona kitu, nikasema pesa yangu imeenda. Mwezi wa pili nikaanza kuamka asubuhi kama kijana wa sekondari. Hiyo ilidumu kama miezi saba hivi. Sasa imerudi nyuma kidogo, si vibaya kama mwanzo.

Ni mashine ama ni kuacha sigara? Sijui bana. Niliacha zote mwaka huo huo.

#22 Mzee Kikokotoo
Ahsante kwa ukweli. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo naitafuta kwenye matangazo siioni.

#23 Pweza wa Feri
Kakamega si ndiko kwenye mukombero? Unaenda kulipa Nairobi wakati mzizi uko nyuma ya nyumba?

#24 Ingwe Damu
Mukombero nimetafuna tangu nikiwa darasa la sita. Ingekuwa inafanya kazi hivyo singekuwa kwa huu uzi.

#25 Chuma cha Reli
Mimi kinyume cha #21. Baba yangu mdogo alitolewa tezi dume yote kwa ajili ya saratani, India. Aliporudi akauziwa haya mawimbi, awamu kumi na mbili. Hakuna. Hakuna hata dalili. Daktari mwingine akaja kumwambia neva zilizokuwa zinapeleka taarifa ziliguswa kwenye upasuaji, na mawimbi hayaungi neva iliyokatwa. Hilo lilipaswa kusemwa kabla ya risiti.

#26 Tabibu wa Zamu
Pole kwa mzee. Ndiyo sababu tunasema kwanza ujulikane ugonjwa uko wapi. Hata madaktari bingwa wa mkojo hawajakubaliana. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2018 wanasema bado iko kwenye majaribio, na mamlaka yao ya dawa haijaipitisha kwa kazi hii. Wa Ulaya wanairuhusu kwa pendekezo dhaifu, kwa wale wenye tatizo dogo la mishipa ya damu. Dogo, na la mishipa. Kisukari cha miaka kumi na tano au neva zilizokatwa si watu hao.

#27 Ghubra77
Mie nawaza vyengine. Huyo rafiki wa mleta mada anakula dawa gani? Kaka yangu Unguja alipewa atenolol ya presha, mwezi wa tatu akaanza kulala chumba cha watoto kwa kisingizio cha joto. Alipobadilishiwa na daktari, joto likesha.

#28 Mama Zawadi
"Joto likesha" 😂 Wanaume mna visingizio.

#29 Stendi Kuu
Wakuu nipo nasoma yote, shukrani. Ghubra77 umenigusa. Rafiki yangu anameza bendro na atenolol, zote za presha, tangu 2021. Sasa nikiacha kwa wiki mbili nione kama

#30 Pweza wa Feri
NIKIACHA. Wakuu nimeiona, msimamizi asifute. Rafiki yake amefika.

#31 Boda Kipanga
Karibu rafiki yake.

#32 Stendi Kuu
Haya. Ni mimi. Mmefurahi?

#33 Tabibu wa Zamu
Hakuna aibu mkuu, nusu ya wanaosoma uzi huu bila kuchangia wana rafiki kama wako.

Ila USIACHE dawa ya presha mwenyewe. Atenolol ukiikata ghafla moyo unaweza kukuletea balaa. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie wazi kinachotokea chumbani, zipo za presha zisizosumbua sana huko, losatani kwa mfano. Na jambo la pili muhimu zaidi: umepima sukari lini? Mshipa wa uume ni milimita 1 hadi 2, wa moyo 3 hadi 4. Uchafu ule ule unaziba mwembamba kwanza. Kuna wanaume huku chini ndiko walikopata taarifa miaka kadhaa kabla moyo haujagoma.

#34 Fundi Rejeta
Kama taa ya dashibodi. Na watu wengi wanaitoa balbu ili isiwasumbue.

#35 Kijana wa Sinza
Mbona hakuna aliyetaja punyeto? Miaka 46 ya leo ni matokeo ya mikono ya miaka 16. Mishipa imelegea.

#36 Tabibu wa Zamu
Hakuna mshipa unaolegezwa na mkono. Kinachowaharibu vijana zaidi ni hofu ya kwamba wameshaharibika, anaingia chumbani anajikagua badala ya kumwangalia mwenzake.

#37 Kijana wa Sinza
Tabibu hilo sikubali, mimi mwenyewe nilipoacha nilipona.

#38 Mzee Kikokotoo
Alama tatu.

#39 Kidole cha Nyundo
😂😂 Mzee hajasahau alama zake.

#40 Raskazoni
Nyie endeleeni kucheka. Mjomba wangu alitumia hospitali zote, akafunguliwa Pangani kwa siku moja. Ana mtoto wa miaka minne sasa.

#41 Mama Zawadi
Anafanana naye?

#42 Raskazoni
Mama heshima.

#43 Pweza wa Feri
Turudi kwenye mada. Kwa laki saba na nusu napata vumbi la Kongo la kutosha mpaka mjukuu.

#44 Mtoto wa Bukavu
Jambo kwenu. Miye niko wa Bukavu, na kila nikifika Dar banauliza "umetuletea vumbi?" Vumbi gani? Kwetu vumbi iko ya barabara tu. Ile munauziwa Kariakoo, muulize mwenye kuuza, hata Kongo hajafika.

#45 Tabibu wa Zamu
😂 Aksanti wa Bukavu. Na niongeze: duniani kote dawa nyingi za "asili tupu" za nguvu za kiume zikipelekwa maabara hukutwa na sildenafil ndani, yaani Viagra, ile ile ya dukani, bila kipimo. Mtu mwenye tatizo la moyo anayewekewa vidonge vya naitreti chini ya ulimi akilamba unga wa namna hiyo presha inaweza kuporomoka asiamke. Angalau kidonge cha famasi unajua umemeza nini.

#46 Ghubra77
Wallahi hicho kidonge nacho kilianza kama dawa ya kifua cha moyo, si ndiyo? Wakati wa majaribio wakaona wanaume wanacheka.

#47 Tabibu wa Zamu
Naam, walikuwa wanatafuta tiba ya maumivu ya moyo. Marekani wakakipitisha kwa kazi hii Machi 1998. Tofauti na mawimbi ni kwamba kidonge kinasaidia saa chache tu, hakigusi chanzo. Mawimbi yanadai yanagusa chanzo. Neno zito hapo ni "yanadai".

#48 Stendi Kuu (Alhamisi, saa 2:40 usiku)
Mrejesho. Nimepita pale kliniki leo, sijalipa. Nikauliza swali la #16, mashine inatumia hewa au inakusanya? Binti wa mapokezi akasema ni ya Kijerumani. Nikamwambia sijauliza kabila. Akaniita mtaalamu, kaja na koti jeupe, nikaomba nione mashine. Chini ya meza kuna boksi linanguruma kama friji la duka la vinywaji, lina mpira wa hewa unaopanda juu.

#49 Kidole cha Nyundo
Kompresa hiyo. Ni nzuri sana. Kwa kisigino.

#50 Stendi Kuu
Nikauliza mbona kule Haifa walifanya wiki tatu, wakapumzika wiki tatu, wakafanya nyingine tatu, mara mbili kwa wiki, jumla kumi na mbili, na nyie ni sita? Akasema yao ina nguvu zaidi. Nikauliza hamnipimi sukari kwanza? Akasema hiyo ni hiari, elfu kumi.

#51 Mzee Kikokotoo
Laki saba na nusu ni lazima, elfu kumi ni hiari. Kikokotoo kimegoma.

#52 Chuma cha Reli
Hapo mngemwita mtu wa TMDA, wale wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, aje aone hiyo mashine imesajiliwa kwa kazi gani. Mashine ya kisigino kuhamishiwa kwingine si jambo la kunyamazia.

#53 Ingwe Damu
Sasa mmenifanya niwaze yangu ilikuwa ya aina gani. Nakumbuka mlio tu. Na haikuwa na boksi chini, ama sikuangalia, nilikuwa nimefunga macho.

#54 Stendi Kuu
Elfu kumi nimeitolea zahanati ya mtaani. Bila kula asubuhi sukari imesoma 9.8.

#55 Tabibu wa Zamu
Kuanzia 7.0 bila kula tunaongea kisukari, ila lazima irudiwe siku nyingine kuthibitisha. Kesho nenda hospitali na kitabu chako cha presha. Waambie na ya chumbani pia, usiwafiche kama ulivyotuficha sisi.

#56 Mama Zawadi
Na mkeo umemwambia?

#57 Stendi Kuu
Anajua jogoo hawiki, mama. Sababu hajui. Alidhani nina mwingine Mbezi.

#58 Mama Zawadi
Basi mwambie leo. Sukari atailia, mwingine wa Mbezi angekuua.

#59 Raskazoni
Sukari nayo inaweza kutumwa.

#60 Kijana wa Sinza
Kwa hiyo jibu ni nini? Mawimbi ni kweli au uongo? Nimesoma posti sitini.

#61 Kidole cha Nyundo
Mashine sahihi, mtu sahihi, tatizo dogo la mishipa: inaweza kusaidia.

#62 Mzee Kikokotoo
Toa tatu kwanza.

#63 Ingwe Damu
Mimi nitarudia ama nisirudie? Hakuna aliyenijibu.

#64 Fundi Rejeta
Kuna kipimo cha zamani cha bure, mzee mmoja gereji alinifundisha. Kabla ya kulala unazungushia stempu za posta zilizoungana, unazibandika zikutane. Usiku mwanaume mzima anasimama mara tatu mpaka tano bila kujua. Asubuhi ukikuta zimechanika kwenye vile vitundu, mabomba ni mazima, tatizo liko kichwani. Zikiwa nzima, nenda hospitali.

#65 Tabibu wa Zamu
Ni kipimo kweli, cha zamani na cha kubahatisha. Ukigeuka vibaya usingizini zinachanika zenyewe.

#66 Boda Kipanga
Stempu siku hizi zinauzwa wapi? Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa namtongoza mtu wa Korogwe.

#67 Pweza wa Feri
Posta wanazo, nimetoka kuulizia. Dada wa dirishani kaniuliza barua ngapi natuma mpaka nahitaji zilizoungana. Nikamwambia ni za rafiki yangu.